HAKI YA KOBE ALIYEZEEKA MIKONONI MWETU

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila kitambaacho na kila kirukacho akakikadiria riziki yake. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na Sahaba zake wote.

Ama baad. Tumepokea barua ya ndugu yetu mmoja, asli yake mtu wa Mombasa, ambaye jamaa zake walihamia Kitale kwa biashara tangu zama za babake. Aeleza kwamba marehemu babake ameacha kobe wa nchi kavu, yule mwenye gamba la manjano lililotapakaa madoa meusi, aliyeletewa zamani na rafiki yake kutoka upande wa kaskazini kwenye nchi kame. Kobe huyo amekuwako nyumbani tangu ndugu yetu hajazaliwa. Sasa mzee amekwenda mbele ya haki, na kobe naye hali yake si njema: macho yameingia ukungu, kucha zimepinda, hula kwa kulishwa, na siku nyingine hali kabisa. Nyumba yenyewe ni vyumba viwili vya kupanga, na watoto ni watano. Kobe hutia uchafu hapo hapo watandikapo misala. Dadake ameolewa Bungoma, na yeye amekwisha sema hamtaki. Jirani wa kwanza ashauri kobe akatupwe katika msitu wa Mlima Elgon. Wa pili asema achinjwe apumzike. Na wa tatu amekuja na bei mkononi, kwani amjua mganga atakaye lile gamba. Ndugu yetu auliza: Je, tuna dhima gani juu ya mnyama asiyetufaa kitu? Na tukimtoa, tutakuwa na dhambi?

Suala hili liliposomwa katika darsa yetu, wako waliotabasamu. Walidhani ya kwamba mambo ya kuhurumia wanyama ni ya Wazungu na mbwa wao, na kwamba mtu wa dini ana makubwa zaidi ya kushughulika nayo kuliko kobe. Sisi twaona kinyume cha hivyo. Huyu aliyeandika ni mtu mwenye dhiki ya nyumba na watoto, angeweza kumtia kobe katika gunia usiku na asubuhi akasahau; lakini moyo wake umemsuta, akashika kalamu akauliza. Moyo wa namna hii ndio tuutafutao katika darsa zetu.

Mwenyezi Mungu ametufunulia katika Suratul An'am, Aya ya 38, kwamba kila mnyama atembeaye juu ya ardhi na kila ndege arukaye kwa mbawa zake ni umma kama sisi tulivyo umma. Na katika Sura Hud, Aya ya 6, ametueleza kwamba hapana kitambaacho katika ardhi illa riziki yake iko juu Yake. Huenda mtu akasema: basi ikiwa riziki ya kobe iko juu ya Mwenyezi Mungu, mimi nina nini? Jawabu ni kwamba kobe akiwa porini hutoka asubuhi akaota jua, akala majani, akajificha chini ya kichaka wakati wa joto, na riziki yake akaipata kwa miguu yake aliyopewa. Wewe ulipomtoa huko ukamweka baina ya kuta nne za saruji, umeikata ile njia aliyokuwa akipokea riziki yake, ukajiweka wewe mahali pake. Tangu siku hiyo mkono wako ndio uliokuwa malisho yake.

Na jambo hili ndilo lililomo katika Hadithi mashuhuri ya mwanamke na paka, waliyoipokea Bukhari na Muslim. Sote twaijua tangu chuoni. Mwanamke alimfunga paka hata akafa, akaingia Motoni kwa sababu yake. Lakini wengi wetu huichukua kama kisa cha mwanamke mwenye roho mbaya, tukajisalimisha nafsi zetu kwa kuwa sisi hatuna chuki na paka. Tuitazameni vizuri. Mtume (S.A.W.) hakusema kwamba alimpiga, wala kwamba alimchoma moto. Alieleza mambo mawili tu: kwamba hakumpa chakula wala maji alipokuwa amemfunga, na kwamba hakumwachilia akajitafutia mwenyewe wadudu wa ardhini. Lau angalimwacha paka tangu mwanzo apite zake, asingalikuwa na deni naye. Deni lilizaliwa na kule kumfunga. Kila mlango tumfungiao mnyama hutufungulia sisi mlango wa kuulizwa.

Basi kobe wa Kitale amefungwa miaka mingapi? Babake ndugu yetu alimfunga kwa mapenzi, hatuna shaka, na twamuombea rehema. Lakini kufunga ni kufunga, hata kwa mapenzi. Na mnyama aliyekuwa kijana alipofungwa, sasa hata akifunguliwa hawezi tena. Hapa dhima yazidi kuwa nzito, haipungui, kwani lile jambo la pili la kumwachilia akajitafutie limekwisha kumpotea. Limebaki moja tu: kulishwa na kuangaliwa.

Neno la "asiyetufaa kitu" nalo lataka kusimamiwa, maana ndilo lililojificha nyuma ya suala zima. Alikuwako Imamu mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafi, Izzuddin bin Abdissalaam, mtu wa Damascus aliyefia Misri mwaka 660 wa Hijra (1262). Katika kitabu chake cha Qawaidul Ahkaam ameziorodhesha haki za wanyama juu ya binadamu, na ya kwanza yake ni kwamba mwenye mnyama amgharimie kwa kadiri ya mnyama wa namna yake, hata akiwa amelemaa kwa uzee au ugonjwa hata hana manufaa tena. Akataja pia kwamba asibebeshwe asiyoyaweza, na asichanganywe na wa jinsi yake au jinsi nyingine watakaomuumiza. Angalia, ndugu msomaji: haya yaliandikwa zaidi ya miaka 700 iliyopita, na Imamu hakungoja aulizwe juu ya mnyama mzee, alimtaja mwenyewe kwa ndimi yake, kwani alijua ya kuwa mnyama mwenye nguvu hulishwa na tamaa ya mwenyewe, lakini mnyama aliyechoka hulishwa na dini ya mwenyewe.

Wanavyuoni wa Kishafi wamekwenda mbele wakasema kwamba mwenye mnyama akikataa kumlisha, hakimu atamlazimisha ama amlishe, ama amuuze kwa atakayemlisha, au amchinje ikiwa ni mnyama aliwaye. Hapo ndipo tuingiapo katika shauri za wale majirani watatu.

Shauri la kuchinja. Kobe wa nchi kavu, kwa kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu yetu kama alivyoieleza Imamu Nawawi, haliwi. Na mnyama asiyeliwa, vitabu tuvisomavyo hapa pwani, kama Fat-hul Muin, vimekataza kumchinja hata kwa nia ya kumpumzisha, na mfano waliotoa ni punda aliyelemaa. Twajua ya kuwa Mahanafi wana wepesi katika jambo hili, na kwamba wako wanavyuoni wa zama hizi waonao kuwa mnyama asiyekuwa na matumaini na aliye katika maumivu makali aweza kuondolewa na daktari kwa njia isiyomtesa. Mwenye kufuata kauli hiyo hatumtukani. Ila kobe huyu wa ndugu yetu hayuko katika hali hiyo hata kidogo. Ni mzee, haoni vizuri, na ana kucha ndefu. Tukianza kuuita uzee ugonjwa usio na dawa, hatujui tutafika wapi, na wako wazee wa kibinadamu katika nyumba zetu ambao wangelipenda tusiendelee na maneno haya.

Shauri la msitu. Hili ladhaniwa kuwa ni la huruma, na kwa hakika ndilo lenye hatari zaidi. Kobe wa madoa ni mnyama wa mbuga na nchi kavu yenye jua. Msitu wa Mlima Elgon una kivuli, umande na baridi. Kumpeleka huko kiumbe asiyeona, aliyezoea kulishwa kwa mkono, ni kumuua kwa mkono wa mwengine; tofauti ni kwamba wewe hutaona. Tena mnyama aliyekaa sana na watu aweza kuwachukulia maradhi wenziwe wa porini.

Shauri la mganga hatutalirefusha. Mtu akiitakidi kuwa gamba la kobe hukinga nyumba au huleta riziki, amemwachia gamba jambo la Mola wake. Na biashara yenyewe ni batili: kobe akifa ni mzoga, na mifupa ya mzoga kwa madhehebu yetu ni najisi, na najisi haiuzwi. Gamba la kobe si nyumba aliyoivaa kama konokono, kama watu wadhanivyo. Ni mifupa yake mwenyewe, mbavu na uti wa mgongo vimeshikana nalo, na lina hisi. Hata kuguswa kwa kidole juu ya gamba hukujua. Kwa hiyo wale wanaotoboa tundu pembeni mwa gamba wakapitisha waya ili wamfunge kobe asiondoke, wajue wamemtoboa mfupa aliye hai. Jambo hili limeenea, na watu wema hulifanya bila ya kujua. Sasa wamekwisha jua.

Zimebaki njia mbili za halali: kumtunza, au kumpeleka kwa atakayemtunza. Kabla hatujazieleza, tuseme neno juu ya dada wa Bungoma. Ikiwa kobe alikuwa milki ya marehemu, basi amerithiwa kama vilivyorithiwa viti na masanduku, na nafaka ya mnyama hufuata milki. Dada akichukua fungu lake katika mali ya babake, hawezi kuchukua fungu la faida akaacha fungu la mzigo. Kama hana nafasi ya kumweka, na asaidie gharama ya daktari na ya chakula kwa kadiri ya haki yake. Na kama ana nafasi, basi Bungoma ni bora kuliko Kitale kwa kobe huyu. Kitale iko juu, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari. Bungoma iko chini, kama mita 1,400, na joto lake ni zaidi. Sisi wa pwani tukisikia "bara" hudhani kote ni baridi mamoja, lakini mwenye mifupa ya kizee aijua tofauti ya mita 500, na kobe ni hivyo hivyo, kwani damu yake haina moto wake mwenyewe. Joto lake ni lile alipatalo nje.

Liko pia jambo la serikali. Sheria ya Kenya ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kukaa na mnyama wa porini bila ya kibali, na kobe wa madoa ni mmoja wao. Gamba lake nalo lahesabiwa katika nyara ambazo mtu haruhusiwi kuwa nazo wala kuziuza vivi hivi. Wengi waliofuga kobe tangu zama za wazee wao hawakujua neno hili. Shauri letu kwa ndugu yetu ni kwamba asijifiche. Na aende katika ofisi ya Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS, aeleze kisa kama alivyotueleza sisi, kwamba ni mnyama aliyeachwa na marehemu, na atake ama kibali cha kumtunza ama wamchukue wao mahali panapofaa. Muislamu ameamrishwa atimize ahadi, na kukaa katika nchi kwa amani ni ahadi. Isitoshe, sheria hii yaafikiana na maslaha. Sote twajua habari ya kisiwa cha Changuu, mbele ya mji wa Unguja: mwaka 1919 waliletwa kobe wakubwa 4 kutoka Seychelles, wakazaana hata ilipofika mwaka 1955 walikuwa kama 200. Kisha watu wakaanza kuwaiba, wengine kwa kuwauza ng'ambo wawe wa kuchezewa, wengine kwa kuwala. Mwaka 1996 wakabaki 7 tu, ikabidi waliobaki watiwe uani na kulindwa. Kila mwenye kununua kobe kwa ajili ya kumpumbaza mtoto nyumbani, na afikiri ametolewa wapi.

Wala hatusemi kwamba kufuga ni haramu kwa asli yake. Abu Umair, ndugu mdogo wa Anas bin Malik, alikuwa na kindege chake akichezea, kilipokufa Mtume (S.A.W.) alimkuta na huzuni akamtania kwa upole, wala hakumlaumu kwa kukiweka. Wanavyuoni wamechukua hapo ruhusa ya kufuga, kwa sharti la kuwa mnyama halishwi kwa mateso. Lakini aliye na Hadithi ya Abu Umair mkononi asiiache ile ya ngamia aliyoipokea Abu Daud: Mtume (S.A.W.) aliingia katika shamba la mtu wa Ansari, ngamia alipomwona akatokwa na machozi, akampangusa nyuma ya masikio mpaka akatulia, kisha akamwita mwenyewe, kijana, akamuonya amche Mwenyezi Mungu katika mnyama huyu aliyemilikishwa, kwani ameshtaki kwamba hashibishwi na achoshwa. Ngamia alikuwa na sauti ya kushtaki. Kobe hana sauti. Akiumwa hunyamaza, hujikunja ndani ya gamba, na wenye nyumba husema amelala.

Sasa tueleze utunzaji wenyewe kwa yale tuliyoyapata kwa wenye elimu ya wanyama, maana mtu kuambiwa "mche Mungu katika kobe" bila ya kuambiwa alishwe nini si nasaha iliyotimia.

Nyumba ndogo si udhuru. Kobe mzee hatembei mbali. Hahitaji uwanja, ahitaji ukavu, joto na jua. Kwa Kitale adui wake mkubwa ni sakafu ya saruji yenye unyevu. Kobe hawezi kukohoa vizuri kama sisi akatoa makohozi, kwa hiyo ubaridi ukimwingia kifuani hukaa humo. Ukimwona atoa povu puani, au anyosha shingo na kuachama ili avute pumzi, usingoje kesho. Mpeleke kwa daktari wa mifugo. Atiwe katika sanduku la mbao lenye ubavu mfupi, lililoinuliwa kidogo kutoka sakafuni, na ndani mna nyasi kavu zinazobadilishwa kila zikilowa. Usiku wa baridi yatosha chupa ya maji moto iliyozongwa kitambaa, iwekwe upande mmoja wa sanduku ili akitaka ajiondoe. Asiwekwe karibu na jiko la makaa; moshi utamdhuru, na kobe huweza kuungua pasina kujitoa kwa haraka. Kobe wa madoa si katika wale wa nchi za theluji walalao miezi ya baridi bila ya kula. Huyu wetu akikaa siku nyingi hali, huo si usingizi, ni ugonjwa au baridi.

Jua apate kila siku lipatikanapo, la asubuhi, nje kabisa, huku mtoto mkubwa akimtazama. Jua la kupitia kioo cha dirisha humpasha moto lakini halina ile nguvu inayokaza gamba na mifupa. Na pawe na kivuli karibu, ajifiche akitaka.

Chakula chake ni nyasi. Watu humpa ugali, mkate, wali, maziwa, hata nyama, wakaona wamemkirimu. Ukarimu huo ndio umtiao maradhi, gamba likaota vibaya na figo zikaharibika. Apewe ukoka, nyasi mbichi na nyasi kavu, mchunga, na majani ya magugu ya uani. Matunda ni kidogo tu na kwa nadra. Nyasi za kando ya mashamba ya mahindi, na Trans Nzoia ni nchi ya mahindi, zisichumwe ovyo, kwani huwa zimenyunyizwa dawa. Kwa mzee asiyeona, majani yakatwe madogo, yawekwe mahali pamoja kila siku, na yasogezwe hata yaguse mdomo wake. Akipata harufu huanza mwenyewe. Mdomo wa juu ukirefuka kama wa kasuku hataweza kuuma, na hapo huonekana amekataa chakula kumbe ameshindwa. Mdomo na kucha apunguzwe na daktari, si kwa kisu cha jikoni. Kwa ajili ya mifupa asagiwe kidogo mfupa mweupe wa dome, ule uletwao na mawimbi ufukweni. Jamaa wa Mombasa wanaouliza kila mara wamtumie nini ndugu yao wa Kitale, basi na watume huo. Ni mwepesi na haununuliwi.

Mara mbili au tatu kwa wiki atiwe katika karai la maji ya vuguvugu yasiyofika kidevu chake, kwa muda wa robo saa. Hapo hunywa, na mara nyingi hapo hapo hutoa haja yake. Faida hii ya pili ndiyo dawa ya lile lililomsumbua ndugu yetu juu ya misala. Kobe akiwa hai mwili wake ni tohara, kwani katika madhehebu yetu wanyama wote walio hai ni tohara illa mbwa na nguruwe na mzawa wao. Kinyesi chake na mkojo ndio najisi, nayo ni najisi ya wastani: huondolewa mwenyewe, kisha pakaoshwa kwa maji mpaka rangi, harufu na utamu vikaondoka. Akiogeshwa uani kabla ya kuingizwa, na sanduku likawekwa katika chumba kingine au pembe ya mbali na mahali pa kuswalia, taabu hiyo itakwisha au itapungua sana. Tuongeze kwamba kobe, hata mwenye afya, huchukua vijidudu viletavyo kuharisha. Kwa hiyo kila amgusaye aoshe mikono kwa sabuni, asioshewe karai lake jikoni, na watoto wadogo wasimbusu. Pia wasimpindue kwa mchezo. Mapafu yake yako juu, chini ya gamba. Akilala chali matumbo humwelemea, na akiachwa hivyo hufa.

Yako mengine ambayo msomaji atayajua mwenyewe kwa kumtazama mnyama wake.

Tuliyoyataja yote yaweza kuwa kwa miaka. Hili nalo lifahamike, kwani watu hudhani mzee aliyefifia macho hana siku nyingi. Katika kisiwa cha Mtakatifu Helena, Bahari ya Atlantiki, yuko kobe mkubwa aitwaye Jonathan aliyeletwa huko kutoka Seychelles mwaka 1882 akiwa tayari mtu mzima. Mwaka 2022 alikisiwa kuwa na miaka 190, naye wakati huo alikuwa hana macho wala pua ya kunusia, akilishwa kwa mkono na daktari wake. Watu wetu wa Mombasa wamkumbuka Mzee, yule kobe wa Haller Park pale Bamburi, aliyekisiwa kuwa na miaka kama 130 alipoletewa mtoto wa kiboko baada ya gharika ya Disemba 2004, na kile kiboko kikamganda kama mama yake. Hao ni kobe wa jinsi kubwa. Huyu wa madoa hafikii hapo, lakini miaka 50 na zaidi ni jambo la kawaida kwake. Kwa hiyo aliye naye ajue kwamba aweza kumtangulia. Mtume (S.A.W.) ametuonya, kama walivyopokea Bukhari na Muslim, kwamba haifai kwa Muislamu aliye na jambo la kuusia apitishe siku mbili pasina wasia wake kuandikwa. Watu huandika nyumba, mnazi, deni la duka. Aandike na mnyama: nani atamchukua, na kwa gharama ya nini. Marehemu wa Kitale hakuandika, na ndiyo sababu leo ndugu wawili hawaelewani juu ya kiumbe ambaye baba yao alimpenda.

Jawabu letu kwa muulizaji basi ni hili: Hamna ruhusa ya kumtupa, wala kumuuza kwa mganga, wala kumchinja. Nendeni kwa serikali mkatengeneze jambo lenu. Wakimchukua wao na mkaona wana mahali na mtu wa kumwangalia, dhima yenu imekwisha kwa kumkabidhi. Wakiwapa kibali, akae kwa yule mwenye jua zaidi katika ninyi wawili, na mwengine achange. Mwenye nyumba ya kupanga akinung'unika, aonyeshwe usafi kwanza kabla ya kujibizana naye.

Na siku atakapokufa, KWS waarifiwe kama walitoa kibali, kisha wakiwaachia, achimbiwe shimo refu lisilofikiwa na mbwa, azikwe mzima pamoja na gamba lake. Mganga akija tena kuuliza, aambiwe limekwisha zikwa.